Mtaro unanuka, lakini ni nani anayeumeza?

Kila masika yakianza, ombi ni lile lile. Sheha au kijana wa kamati ya mtaa, kutoka Jang'ombe au Sebleni hapa mjini Unguja, ananitumia picha ya mtaro uliojaa maji meusi na kunitaka nikaupime ili "tujue hatari ilivyo kubwa". Wiki hii limekuja tena, na safari hii na matokeo yake: mtu keshapeleka chupa maabara, karudi na karatasi yenye E. coli, bakteria wanaoashiria kinyesi, zaidi ya milioni moja kwa mililita 100, na mtaa mzima umeshaamua kwamba watoto wanaharisha kwa sababu ya mtaro.

Karatasi ile haisemi hivyo. Mtaro unaopitisha majitaka utakuwa na E. coli kwa mamilioni, uwe Unguja, uwe Dhaka. Hilo halihitaji maabara. Kupima uchafu ni kazi moja. Kupima uchafu huo unavyowafikia watu ni kazi nyengine, na hii ya pili ndiyo inayotakiwa tukitaka kujua pesa chache za mtaa ziende wapi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaro una milioni moja kwa mililita 100, yaani elfu kumi kwa kila mililita. Mtoto kaingiza mkono kuokoa mpira, kisha mkono ukaenda mdomoni na sehemu moja ya kumi ya mililita: kameza elfu moja. Kama anafanya hivyo mara mbili kwa mwezi, ni elfu mbili. Sasa nenda kisima cha jirani, maji meupe, baridi, yanasifiwa na wazee. Yana mia moja tu kwa mililita 100. Mtoto yule yule anakunywa lita moja kwa siku: elfu moja kila siku, elfu thelathini kwa mwezi. Maji yaliyo masafi kuliko mtaro mara elfu kumi yamemlisha kinyesi mara kumi na tano zaidi. Tena mtaroni wanaingia watoto wachache, na kisimani wanakunywa wote, pamoja na mama mjamzito ambaye mtaro hausogelei.

Na mia moja si namba niliyoichagua kutisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka isipatikane hata E. coli mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa, na chini yetu kuna mawe ya matumbawe yenye nyufa, makaro ya vyoo na visima vikipakana. Maji kuwa meupe hayathibitishi lolote.

Haya si ya hesabu ya kubuni pekee. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory na wenzao wa Ghana walipima njia ambazo kinyesi hufikia mdomoni katika mitaa ya watu wa kipato cha chini mjini Accra, matokeo yakatoka 2017. Mitaro ilikuwa michafu kupita kiasi, lakini katika kile walichomeza watoto wadogo mchango wake ulikuwa mdogo sana. Karibu chote kilipitia kwenye chakula. Mikono, ambayo haikuonekana michafu sana ilipopimwa, ndiyo iliyofanya kazi kubwa ya kuusafirisha uchafu. Sisemi Unguja ni hivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba bila ya kuuliza watu wanafanya nini, wale wa Accra nao wangerudi nyumbani wakiulaumu mtaro.

Upande wa maabara hausumbui. Chupa safi, thiosulfati ya kuizima klorini ikiwa maji yanayo, barafu, maabara ndani ya saa sita, mtaro uzimuliwe kwa viwango kadhaa, kisima kichujwe mililita 100 nzima, kesho yake hesabu koloni. Kinachosumbua ni "mara ngapi", na hapo ndipo tathmini nyingi zinapoharibika.

Ukimuuliza mama mbele ya majirani, "Mwanao huingia mtaroni?", atajibu hapana, na ana haki, maana umemuuliza kama yeye ni mama mzembe. Waulize watoto wenyewe, skuli na vyuo vya Kurani, wafumbe macho wanyooshe mikono: mwezi uliopita hujaingia kabisa, umeingia mara moja hadi tano, sita hadi kumi, au zaidi ya kumi? Majibu yao na ya mama zao mara nyingi hayafanani, na mimi huyaamini zaidi yale ya watoto. Ikionekana wapo wanaoingia kila siku, rudi kwenye mfano wetu: mtaro unafikia elfu thelathini kwa mwezi, sawa na kisima. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni mwendo wa mtoto.

Halafu kuna maswali ambayo fomu za tathmini za kutoka nje hazinayo. Zinauliza kunywa, kuoga, kuogelea baharini, vyoo vya umma, mboga mbichi. Sijapewa hata moja inayouliza udhu. Mtu anayesali sala tano huenda akatawadha mara tano kwa siku, na kila mara anasukutua mara tatu. Maji yanatemwa, ndiyo, lakini mdomo haubaki mkavu. Nyumba inayochemsha maji ya kunywa na kutawadhia ya kisima moja kwa moja itaandikwa "salama" kwenye fomu hizo. Vile vile kopo la chooni: sote tunatumia maji, mpini unashikwa na kila mkono wa nyumba, na hakuna sehemu ya kuuandika. Mimi huongeza maswali haya kwa kalamu. Ningependa yachapishwe.

Na tarehe. Ukihoji Ramadhani, chakula cha mchana cha barabarani kimetoweka, na juisi za futari zimejaa kila kona. Takwimu hizo si za mwaka mzima. Ukihoji kiangazi, hutayaona mafuriko. Kachumbari ya mishikaki, juisi ya miwa, askirimu za mifuko: uliza kila kimoja kwa jina lake, kwa sababu ukisema "mboga mbichi" mtu anafikiria saladi ya hotelini na kukujibu "sili".

Mashaka yangu nayasema wazi. Kiasi kinachotoka mkononi kuingia mdomoni ni makisio, kimetokana na watu wachache waliotazamwa kwa saa chache, na ukikibadilisha kidogo mpangilio wa njia hugeuka. E. coli hatwambii kama kinyesi ni cha mtu au cha kuku na mbuzi wa uani, na katika udongo wa joto kama wetu anaweza kuishi muda mrefu. Baharini ni kinyume: chumvi na jua humuua haraka, ndiyo maana kwa Kizingo na Forodhani, wanakopiga mbizi watoto huku majitaka ya Mji Mkongwe yakimwagwa bahari hiyo hiyo, napendelea kupima enterokoki, bakteria wengine wa kinyesi wanaostahimili chumvi zaidi. Kijidudu cha kipindupindu, ugonjwa ulioripotiwa visiwani kwa mara ya kwanza mwaka 1978, kinaweza kuishi chenyewe katika maji ya chumvichumvi, kwa hiyo E. coli wachache hawamhakikishii mtu chochote. Kwa sababu hizi nazitumia namba kupanga njia, ipi kubwa na ipi ndogo, na sizitumii kutabiri watoto wangapi wataugua.

Mitaro ifunikwe na isafishwe. Watoto wanatumbukia humo na nyumba zinafurika. Lakini mradi usiandikwe kuwa wa kupunguza kuharisha kabla njia nyengine hazijapimwa. Na kama kuna mahala mtaro unaingia kweli mdomoni, ni pale unapofurika pamoja na makaro na maji yakapita juu ya mdomo wa kisima. Sheha akitaka kunitumia chupa moja tu kabla ya masika kwisha, aiache ile ya mtaroni. Achote kisimani, siku ile ile mvua ilipokatika, na aandike pembeni ni nyumba ngapi zinachota hapo, kwa kunywa na kwa udhu.