Treni Haipendi Mlima, na Baiskeli Vilevile

Niite nipime njia ya miguu na baiskeli kati ya vijiji viwili, na watu watanionyesha kwanza pa kumwaga lami. Mimi macho yangu yako kwenye mlima. Mwenye gunia la mkaa akikuta mwinuko mkali hushuka akasukuma, na akishachoka kusukuma kila siku atarudi barabara kuu kubanana na malori.

Mfano ninaoupenda uko Uingereza, kati ya Bristol na Bath. Reli moja kati ya miji hiyo ilikufa. Kundi la watetezi wa baiskeli lililoanza mwaka 1977, ambalo baadaye likawa shirika la Sustrans, likaligeuza tuta la reli hiyo kuwa njia ya miguu na baiskeli. Kazi ilianza mwaka 1979, kwa nguvu nyingi za watu wa kujitolea, ikakamilika mwaka 1986: kilomita 21 hivi. Siri yao ilikuwa tambarare. Magurudumu ya chuma huteleza kwenye mlima, kwa hiyo wajenzi wa reli wa karne ya 19 walikata vilima, wakajaza mabonde, na pale Staple Hill wakachimba handaki. Sehemu ghali ya mradi ilishalipiwa zaidi ya miaka 100 kabla.

Sisi reli zilizokufa tunazo chache. Ile ya Mtwara na Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ya mradi wa mashamba ya karanga wa enzi za Waingereza, iling'olewa miaka ya 1960. Basi mimi hufuata nyayo. Njia waliyoichonga akina mama wa kuni huzunguka kilima badala ya kukipanda, na mara nyingi ramani yangu huishia kuwakubali.

Baada ya mlima ni maji. Njia ya upana wa mita 3 naiinamisha upande mmoja, sentimita 6 hivi, ili mvua isitulie katikati. Changarawe iliyoshindiliwa vizuri, yenye mtaro na makalavati ya kupitisha maji chini ya njia, itadumu kuliko lami iliyomwagwa juu ya tope. Mwenyekiti wa kijiji hapendi kusikia hivyo, kwa sababu lami ndiyo inayopigwa picha.

Kisha zinakuja bodaboda. Mradi mmoja niliweka vinguzo vya zege mlangoni mwa njia, vikiachana sentimita 90. Nilijiona mjanja. Asubuhi ya kwanza akaja mzee na baiskeli yake, magunia mawili yametanuka huku na huku, akakwama.

"Injinia," akaniita, "hapa mmezuia pikipiki au mmenizuia mimi?"

"Shikamoo mzee. Nimekosea."

Tulivihamisha, sasa vinaachana mita 1.5. Mzee anapita, na kiti cha magurudumu kinapita. Bodaboda nazo zinapita, hasa usiku, na hilo bado sijalipatia dawa.