Okestra na Muziki wa Gemu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Neno "okestra" lina historia yake masikioni mwetu. Kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam ya miaka ya 1980, okestra ni Maquis Original au Super Matimila: magitaa, tarumbeta, tumba, waimbaji, na watu wakisakata dansi hadi usiku wa manane. Ndiyo maana mtu huyo akiambiwa kwamba muziki wa gemu fulani umepigwa na okestra, hapati mara moja picha ya kinachozungumzwa, na mahali palipokosa picha dhana hupata makazi. Okestra ya habari hii ni ile ya kumbi za Ulaya, Marekani na Japani: wapigaji 60, 80 au zaidi wa violini, selo, filimbi, tarumbeta na ngoma, wote wakifuata noti zilizoandikwa na fimbo ya kiongozi mmoja. Aliyezoea taarab ya Zanzibar violini si ngeni kwake. Tofauti ni kwamba huku zinaweza kufika 30 kwa pamoja.

"Muziki wa gemu ni milio ya kompyuta, okestra ni pambo la siku hizi"

Ni kweli kwamba mashine za mwanzo zilikuwa na sauti za kuhesabika. Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ilikuwa na njia tano tu za sauti, na mojawapo ilikuwa ya kutoa mvumo uliotumika badala ya ngoma. Mtunzi alipewa kama sauti tatu za kuimbisha wimbo, na hata hizo zilinyang'anywa kwa muda kila mchezaji aliporuka au kupiga risasi, kwa sababu milio hiyo nayo ilihitaji njia ya kupitia.

Lakini uchache wa sauti za mashine haukuwa uchache wa muziki kichwani mwa mtunzi. Koichi Sugiyama, aliyetunga muziki wa gemu ya Dragon Quest mwaka 1986, alikuwa mtu mzima wa miaka 55, mwenye jina tayari katika nyimbo za redio na televisheni. Inasimuliwa kwamba alijipatia kazi hiyo kwa kadi ya posta: aliandika maoni yake kuhusu gemu ya shogi, yaani sataranji ya Kijapani, na kampuni iliyoitengeneza ikatambua jina lake. Aliuandika muziki wa Dragon Quest kama mtu anayesikia violini, kisha akaubana uingie ndani ya chipu ya sauti ya mashine. Agosti 1987, mwaka mmoja tu na ushei baada ya gemu yenyewe kutoka, muziki huo ulipigwa na wapigaji hai katika ukumbi wa Suntory jijini Tokyo, mbele ya familia zilizokuja na watoto. Kwa hiyo okestra na gemu ni marafiki wa tangu ujana wao. Nje ya Japani urafiki huo ulichelewa: tamasha la kwanza la aina hiyo Ulaya lilifanyika Leipzig, Ujerumani, mwaka 2003, katika ukumbi wa Gewandhaus, likipigwa na okestra kutoka Jamhuri ya Cheki.

"Mashine zilipopata nguvu, okestra iliingia na kila kitu kikawa bora"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayoficha habari yenyewe. Okestra ilipoingia ndani ya gemu ilileta mengi, lakini ilichukua kitu ambacho watunzi walihangaika miaka mingi kukirudisha.

Tuanze na nafasi. Super Famicom, mashine iliyofuata, ilikuwa na njia nane za sauti na kumbukumbu ya sauti ya kilobaiti 64. Muziki wa ubora wa CD unakula takriban kilobaiti 176 kwa sekunde moja, maana yake kumbukumbu yote ile isingetosha hata nusu sekunde ya okestra iliyorekodiwa. Kilichohifadhiwa humo kilikuwa vipande vifupi vya mlio wa ala, kama vile sauti moja ya violini, pamoja na maagizo: piga noti hii, kwa nguvu hii, kwa muda huu. Mashine ilikuwa inaupiga muziki yenyewe, papo hapo, kila mara.

Kwa kuwa mashine ndiyo iliyokuwa mpigaji, iliweza kuamrishwa katikati ya wimbo. Mwaka 1991 kampuni ya LucasArts ilitoa Monkey Island 2 ikiwa na mfumo uitwao iMUSE, kazi ya watunzi Michael Land na Peter McConnell, ulioufanya muziki ugeuke kwa utaratibu kadiri mchezaji alivyotoka mahali pamoja kwenda pengine, bila kukatika na bila kuruka mpigo. Zilipokuja CD na mashine za kuzisoma, nafasi ikapatikana. Mwaka 1997 Michael Giacchino alirekodi na okestra hai muziki wa gemu ya The Lost World kwa ajili ya PlayStation, na mwaka huohuo Jeremy Soule akafanya hivyo kwa Total Annihilation. Sauti ilikuwa pana, yenye pumzi za watu. Lakini wimbo uliokwisha kurekodiwa ni kama wali uliokwisha iva: huwezi kuurudisha uwe mchele. Mchezaji akishinda vita ghafla katika sekunde ya 40, okestra inaendelea kunguruma kana kwamba adui bado amesimama, au inakatwa katikati ya sentensi. Nintendo, ambayo haikushindwa kukodi okestra yoyote iliyoitaka, iliendelea kutumia ala za mashine kwa sehemu kubwa ya gemu yake ya Zelda ya mwaka 2006, na okestra hai ikaja kushika nafasi kubwa katika Zelda ya mwaka 2011.

Dawa iliyopatikana imebadilisha kazi ya wapigaji studioni, na hapa ndipo kulinganisha na filamu kunapopotosha. Katika filamu picha imekwisha katwa. Mtunzi anajua kwamba mlango unafunguliwa katika sekunde fulani. Katika gemu mlango huo unaweza kufunguliwa sasa, baada ya dakika kumi, au usifunguliwe kabisa kwa sababu mchezaji amekwenda kuvua samaki. Basi okestra hurekodiwa kwa matabaka. Violini na jamaa zake huketi peke yao ukumbini wakapiga sehemu yao, wakimaliza, huingia wapigaji wa ala za shaba, kama tarumbeta, wakapiga juu ya kile kilichorekodiwa, kisha ngoma. Kila tabaka hubaki katika faili lake. Mchezaji anapojibanza nyuma ya ukuta, programu hucheza violini tu. Mlinzi akimwona, tarumbeta na ngoma hufunguliwa, na kwa kuwa vyote vilipigwa kwa mwendo mmoja, hukutana bila kukosana.

Mwendo huo mmoja hulindwa na kitu kidogo sana: mlio wa "tik, tik, tik" unaoingia katika sikio la kila mpigaji kupitia hedifoni, mara nyingi ikiwa imevaliwa upande mmoja tu ili sikio jingine lisikie jirani. Angalia pia mwisho wa kipande. Muziki wa gemu huzunguka: ukifika mwisho hurudi mwanzo, pengine mara 50. Sauti ya okestra katika ukumbi mkubwa haifi papo hapo; mvumo wa noti ya mwisho huning'inia hewani sekunde mbili tatu. Mvumo huo ukikatwa ili wimbo uanze upya, sikio linashtuka. Njia mojawapo ni kuwaambia wapigaji wasisimame mwishoni, bali wapige tena vipimo vya mwanzo vya wimbo, ili mvumo wa mwisho urekodiwe ukiwa umelala juu ya mwanzo. Halafu wanyamaze kabisa: hakuna kukohoa, hakuna kusogeza kiti, hakuna karatasi kugeuzwa, mpaka ukumbi wote umenyamaza nao. Na haya mara nyingi hufanywa na watu walioziona noti hizo asubuhi ileile. Jijini London kikao cha kawaida cha kurekodi huchukua muda wa saa tatu, na kila dakika inalipiwa.

"Ukisikia okestra, basi okestra ilikuwapo"

Si lazima. Leo kuna maktaba za sauti ambamo kila noti ya kila ala imerekodiwa kwa namna nyingi, polepole, kwa nguvu, kwa kudonoa nyuzi, na mtunzi akiwa na kibodi chumbani kwake anaweza kuunda okestra inayowadanganya wengi. Kazi nyingi huchanganya: mwili wa muziki kutoka kompyuta, kisha violini chache za watu halisi juu yake ili uhai uonekane. Hata watu walio hai huongezwa idadi. Kwaya iliyoimba wimbo mkuu wa Skyrim, gemu ya mwaka 2011, ilikuwa ya watu zaidi ya 30. Walirekodiwa mara tatu na sauti zao zikapangwa moja juu ya nyingine, msikilizaji akadhani anasikia 90. Sioni udanganyifu hapo.

Dhana ndogo inayofanana na hiyo ni kwamba mtunzi anayetajwa ndiye aliyeandika kila noti ya kila ala. Nobuo Uematsu, mtunzi wa gemu za Final Fantasy, ambaye alijifunza muziki mwenyewe bila chuo, alitunga nyimbo zake, lakini upangaji wake kwa okestra umefanywa kwa sehemu kubwa na wengine, akiwamo Shiro Hamaguchi. Kugawa wimbo uliokuwa wa sauti nane uwe wa watu 80 ni ufundi kamili, na majina ya mafundi hao husomwa na wachache.

"Baba Yetu ni wimbo wa kanisa kutoka Afrika Mashariki"

Hii ni dhana yetu wenyewe, na nimeisikia kwa wanakwaya kabisa. Maneno ni yetu kweli: ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Lakini wimbo ulitungwa na Mmarekani, Christopher Tin, kwa ajili ya kufungulia Civilization IV, gemu ya mwaka 2005, na aliyemwomba autunge alikuwa Soren Johnson, mbunifu mkuu wa gemu hiyo, aliyewahi kuishi naye chumba kimoja chuoni Stanford. Ndani ya gemu waliimba Talisman, kikundi cha wanafunzi wa chuo hichohicho. Mwaka 2009 Tin aliurekodi upya kwa albamu yake, safari hii wakiimba Soweto Gospel Choir wa Afrika Kusini na kupiga Royal Philharmonic Orchestra ya Uingereza. Rekodi hiyo ndiyo iliyopata Grammy ya upangaji wa muziki Februari 2011, ya kwanza kwa wimbo uliotungwa kwa ajili ya gemu. Msikilizaji Mswahili husikia mara moja kwamba neno "yetu" linarudiwa mahali ambapo sala hairudii, kwa sababu mdundo ulilihitaji. Tuzo maalumu ya Grammy kwa muziki wa gemu ilikuja baadaye sana, mwaka 2023, ikaanza kwa Stephanie Economou.

"Tamasha la muziki wa gemu ni sinema ya vijana, si muziki wa dhati"

Yapo matamasha yenye skrini kubwa na taa za rangi, kama Video Games Live lililoanza Hollywood Bowl mwaka 2005, na sioni aibu yake. Lakini yapo pia yasiyo na picha hata moja. Mei 2013 London Symphony Orchestra ilipiga muziki wa Final Fantasy katika ukumbi wa Barbican, watu wakikaa kimya na kusikiliza kama wanavyosikiliza muziki mwingine wowote wa okestra. Na Julai 2021 wanamichezo wa dunia nzima waliingia uwanjani katika ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, wa kwanza wao wakipokewa na wimbo wa ufunguzi wa Dragon Quest, uleule wa 1986.

Jukwaani mpangaji wa muziki hukutana na shida iliyogeuzwa ya ile ya studio. Hakuna mchezaji wa kungojea tena, na matabaka yaliyotenganishwa kwa uangalifu lazima yarudi kuwa muziki mmoja wenye njia moja. Wimbo uliozunguka bila kikomo mpaka mtu azime mashine hauna mwisho katika noti zake, kwa hiyo mwisho unaopigiwa makofi ukumbini mara nyingi ameuandika mpangaji mwenyewe.