Kihisi cha Daraja Kinabandikwa Wapi, na Vipi

Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la I-35W mjini Minneapolis, Marekani, lilianguka mtoni na kuua watu 13. Uchunguzi ulionyesha kuwa mabamba ya kuungia mihimili yalikuwa na unene wa milimita 13 hivi, nusu tu ya uliohitajika. Daraja jipya lililofunguliwa hapo mwaka 2008 lina vihisi zaidi ya 300, yaani vifaa vinavyopima hali ya daraja. Idadi inavutia, lakini swali la kwanza ni vimekaa wapi. Kihisi kilichoko katikati ya mhimili hakioni bamba linalopinda kwenye maungio.

Kinachotumika sana ni streni geji (kwa kifupi geji), kijikaratasi chenye uzi wa metali kinachopima jinsi chuma kinavyovutika. Chuma kikivutika, uzi hurefuka na ukinzani wake wa umeme huongezeka, ila kwa kiasi kidogo mno. Lori linaloongeza mkazo wa megapaskali 20 hurefusha chuma kwa sehemu 100 katika milioni, na geji yenye ukinzani wa omu 350 hubadilika kwa omu 0.07 tu.

Kwa hiyo kazi nyingi huharibikia kwenye ubandikaji. Ondoa rangi na kutu mpaka chuma king'ae, piga msasa, kisha futa kwa asetoni ukielekea upande mmoja tu, maana kitambaa kikirudi nyuma kinarudisha grisi. Usiguse tena kwa kidole. Kwa jaribio la siku chache gundi ya papo hapo inatosha. Kwa kazi ya miaka, tumia epoksi au geji ya kuchomelea. Lehemu waya, funika mara moja kwa tabaka la kuzuia maji linalovuka kingo zote. Unyevu ukipenya, vipimo huhama polepole, watu wakadhani daraja limechoka.

Halafu joto. Kila metali hutanuka kwa kiasi chake, kwa hiyo geji hutengenezwa kulingana na metali itakayobandikwa juu yake. Ukiweka geji iliyokusudiwa alumini juu ya chuma, badiliko la nyuzi 20 za Selsiasi litakupa sehemu zaidi ya 200 katika milioni za uongo, mara mbili ya lori lile. Weka kipimajoto kando ya geji, na urekodi mwaka mzima kabla ya kupanga kiwango cha kupiga kengele ya hatari.

Kumbuka pia kuwa geji iliyobandikwa kwenye daraja lililokwisha kujengwa huanzia sifuri siku hiyo. Uzito wa daraja lenyewe haiuoni kabisa. Huo lazima uupate kwa hesabu, ukiwa na michoro mkononi na unene wa mabamba umepimwa.