Kuutesa mwili kwa ajili ya Mungu: maana yake katika Ukristo

Kila Ijumaa Kuu, Wakatoliki wa Nairobi hutembea na msalaba wa mbao barabarani, wakisimama kusali kwenye vituo 14 vya Njia ya Msalaba. Wengi wao hawajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Mwenye kuwaona kupitia dirisha la matatu ana haki ya kuuliza: wanajichosha hivi kwa faida gani?

Kuutesa mwili, kwa maana ya Kikristo, ni kuunyima mwili kwa hiari jambo ambalo ni halali yake, au kuubebesha usumbufu, ili moyo umwelekee Mungu. Hapo huingia kufunga kula, kukesha, kulala sakafuni na kuacha unyumba kwa muda. Kwa baadhi ya waumini wa kale yaliingia pia maumivu yenyewe: mijeledi, au vazi la singa linalokwaruza ngozi. Lazima pawe na hiari. Kibarua aliyekosa kazi Industrial Area akalala njaa hajafunga, amenyimwa. Anaweza kumtolea Mungu njaa hiyo katika sala, lakini mtu asimwambie kwamba ni ibada ili anyamaze.

Andiko linalotajwa zaidi ni la Paulo, 1 Wakorintho 9:27: “nautesa mwili wangu na kuutumikisha.” Mistari iliyotangulia inazungumzia mbio na ndondi, na sisi tunaoishi nchi ya wakimbiaji tunamwelewa upesi. Mkimbiaji hauchukii mguu wake. Anaunyima raha kwa sababu anautaka ufike. Basi sababu ya kwanza ni nidhamu. Ya pili ni toba, yaani mwili nao ushiriki majuto ya moyo. Ya tatu, ambayo nadhani ndiyo ya ndani zaidi, ni kutaka kuwa karibu na Kristo aliyeteseka. Anayempenda mtu hataki kumwacha peke yake kwenye maumivu.

Lakini upendo huo umewahi kuvuka mipaka. Mtawa Simeoni wa Syria aliishi juu ya nguzo kwa zaidi ya miaka 30 hadi alipofariki mwaka 459. Mwaka 1260, huko Perugia nchini Italia, watu walianza kuandamana wakijichapa hadharani. Desturi hiyo ilizuka tena kwa nguvu wakati wa tauni, na mwaka 1349 Papa Klementi wa Sita akaipiga marufuku. Martin Luther naye, mwanzilishi wa Uprotestanti aliyekuwa kwanza mtawa wa kufunga sana, alifikia kukataa kabisa wazo kwamba maumivu yanaweza kumnunulia mtu msamaha. Waprotestanti wengi wa Nairobi wamesimama hapo hadi leo, hata wanapofunga siku 21 na kukesha Ijumaa usiku.

Wa kumsikiliza hapa ni Ignasi wa Loyola, mtakatifu aliyeanzisha shirika la Wajesuiti. Mwaka 1522, huko Manresa nchini Hispania, alifunga kwa ukali kiasi cha kuliharibu tumbo lake, akaumwa nalo maisha yote. Baadaye, alipowaongoza wengine, aliweka kipimo: kuacha kilichozidi bado si malipizi (tendo la toba), ni kiasi tu, malipizi huanza mtu anapopunguza hata kile kinachomfaa, mradi asiudhuru mwili. Mtakatifu Fransisko wa Assisi, ambaye aliuita mwili wake Ndugu Punda, karibu na kufa kwake alikiri kwamba alikuwa ameukosea sana.

Kipimo hicho Wakenya tunakihitaji. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili iliyofika zaidi ya 400, ya watu walioaminishwa kwamba wakifa njaa watakutana na Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto. Mtoto aliyenyimwa uji hakuchagua lolote, na mfungo ambao shabaha yake ni kifo hauna nafasi katika mafundisho niliyoeleza hapa. Mhubiri akikukataza dawa, au akikutenga na jamaa zako, ondoka.

Linganisha na sheria ya Kanisa Katoliki. Siku za lazima za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59. Mlo kamili mmoja unaruhusiwa, na vidogo viwili. Mgonjwa na mama mjamzito hawabanwi.

Kisha kuna upande ambao Isaya 58 inaushikilia kwa ukali: mfungo ni “kuwagawia wenye njaa chakula chako.” Ndiyo maana Kwaresima nchini Kenya huenda pamoja na kampeni ya maaskofu ya kuchangia wahitaji. Aliyeacha nyama siku hizo hatakiwi kuiweka akiba hiyo mfukoni. Bei yake ni ya jirani ambaye hakuwa na cha kupika.