Mafuta ya karafuu yanaua bakteria kweli? Maswali na majibu

Mafuta haya yanatolewaje?

Mkarafuu una mafuta kila mahali: kwenye jani, kwenye kikonyo na kwenye karafuu yenyewe. Kule Pemba makonyo hayatupwi, hupelekwa kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake. Hupitishiwa mvuke, na mvuke ukipoa mafuta hujitenga na maji, tena huzama chini badala ya kuelea. Kinachoingia kichupani ni kikali mno, na mara nyingi zaidi ya asilimia 70 yake ni kemikali moja tu: yujenoli.

Yanaua bakteria kweli?

Ndiyo, maabara. Bakteria amezungukwa na utando wenye mafuta. Yujenoli hujipenyeza kwenye utando huo mpaka ukaanza kuvuja, potasiamu na vitu vingine anavyovihitaji vikatoka, akafa. Hayo yameonekana kwa E. coli, bakteria wa utumboni, na kwa Staphylococcus aureus, yule anayesababisha majipu.

Tatizo ni kwamba kwenye kisahani cha maabara bakteria hulowekwa humo kwa saa nyingi, na kisahani hakina ini wala figo. Wewe unavyo. Ukimeza mafuta hayo, ini huanza kuyavunjavunja mara moja, na ili damu yako ifikie ukali wa kile kisahani ungekuwa umeshajidhuru, maana seli zako nazo zina utando wa mafuta. Wauzaji wa mitandaoni wanaoyanadi kuwa tiba ya taifodi au U.T.I. hapa huwa hawapagusi. Magonjwa hayo yana vipimo vyake na antibayotiki zake.

Na hizo antioksidanti zinazosifiwa, zipo kweli?

Zipo. Antioksidanti ni kemikali inayotuliza molekuli haribifu: yujenoli huipa hidrojeni molekuli isiyotulia kabla haijaharibu nyingine, na ndiyo maana karafuu husaidia mafuta ya chakula kuchelewa kuchacha. Ila nguvu iliyopimwa kwenye chupa haielezi kitakachotokea mwilini. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali la kupanga vyakula kwa kipimo cha namna hiyo, viungo vikiwa juu kabisa. Mwaka 2012 ililiondoa kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakilitumia vibaya. Isitoshe, dozi kubwa ya yujenoli humaliza glutathioni, kinga ya ini lenyewe. Yaani inafanya kinyume cha ulichoinunulia.

Jino linaniuma usiku huu. Nipake?

Hapa karafuu inastahili sifa zake. Yujenoli hutia ganzi, na madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kupata simenti ya kuziba jino kwa muda. Utafiti uliofanyika Kuwait na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta jeli ya karafuu ikipunguza maumivu ya sindano mdomoni sawa na benzokaini, dawa ya ganzi ya kupaka.

Changanya tone moja na kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, chovya pamba kidogo, gusisha kwenye jino lenyewe kwa dakika chache, kisha tema. Usilale na pamba mdomoni, fizi itababuka. Asubuhi nenda kwa daktari wa meno hata kama maumivu yametulia, kwa sababu bakteria waliokwisha kuingia ndani ya jino mafuta hayawafikii. Shavu likivimba, ukipata homa, au mdomo ukigoma kufunguka, usisubiri asubuhi.

Chai ya karafuu nayo niiache?

Hapana. Punje mbili tatu kwenye birika ni kiungo. Endelea kunywa.

Nani asiyaguse kabisa mafuta?

Anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asiyameze, kwani yujenoli nayo hupunguza kuganda kwa damu. Mjamzito abaki na karafuu ya kwenye pilau. Mtoto mchanga asipakwe fizi anapoota meno, hata bibi akisisitiza.

Mtoto amekunywa kichupa, nifanye nini?

Mpeleke hospitali sasa hivi, hata akiwa anacheza. Mililita 5 hadi 10 zimewahi kuwafikisha watoto wadogo kwenye degedege, kupoteza fahamu na ini kushindwa kazi. Usimtapishe, wala usimpe maziwa ukidhani yatakata sumu. Beba na kichupa, daktari ajue ni mafuta gani na kimebaki kiasi gani.