Mi ya kwaya haijashuka, jamani

"Mwalimu, sauti ya pili wanashuka." Naambiwa hivyo kila kwaya ninayoitwa kuisikiliza, Kirumba mpaka Igoma hapa Mwanza, na siku hizi mlalamikaji ananinyooshea na simu yenye programu ya kupimia sauti: mi, noti ya tatu ya do-re-mi, iko chini ya ile ya kinanda kwa senti 14 (senti 100 ni nusu-toni, hatua ya kinanda kutoka noti moja hadi inayoifuata). Wanakwaya wanakemewa, wanapandisha, na wimbo uliokuwa umetulia unaanza kukwaruza.

Nani kasema kinanda ndicho hakimu? Kinanda kimegawa oktava, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, mafungu 12 yaliyo sawa ili kipige ufunguo wowote, do ianzie popote. Ni mapatano, na kati ya do, mi na sol aliyeumia zaidi ni mi. Weka do kwenye hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Sauti zikiachwa zisikilizane bila ala, huvutwa kwenye uwiano wa 4 kwa 5 kwa 6: do 440, mi 550, sol 660. Kinanda kinakupa sol ya 659.3, sina ugomvi nayo, lakini mi kinaipandisha hadi 554.4. Sasa, kila sauti hubeba juu yake sauti nyembamba za mara mbili, mara tatu, na kuendelea. Mara tano ya do ni 2200. Mara nne ya mi ya 550 ni 2200 ile ile, zinalala pamoja. Mara nne ya mi ya kinanda inakaribia 2217.5, kwa hiyo zinapwita, yaani sauti inavimba na kunywea, kama mara 17 kwa sekunde. Huo ndio mkwaruzo. Simu imepima sawasawa, ila imeulizwa swali la kinanda.

Wanaohubiri kwamba uwiano safi unamaliza kila kitu nao wananichosha. Imbeni kodi (noti tatu kwa pamoja) za do, la maina, re maina, sol, kisha do, kila noti inayobaki kutoka kodi moja hadi nyingine ikishikiliwa ilipo na kila uwiano ukiwa safi. Mtarudi kwenye do iliyoshuka kwa uwiano wa 80 kwa 81, yaani senti 21.5. Duru tano, mmepoteza zaidi ya nusu-toni na hakuna aliyekosea! Lazima noti moja iibiwe, yaani isogezwe kidogo nje ya uwiano safi. Mimi huiba kwenye re, tena kwa shaka, maana kuna wimbo unaogoma. Na tuseme kweli: sauti za watu thelathini huyumba kupita hizo senti 14. Hiyo 550 ni mahali mi inapovutwa, si mahali inapokaa.

Zimeni kinanda. Besi washike do, tenori sol. Sauti ya pili waanze na mi ya kinanda, washuke polepole mpaka mpwito ukome. Simu ibaki mfukoni.