Mnara wa Eiffel Usiku: Yanayosemwa na Sheria Inavyosema

Desemba ikikaribia, onyo lilelile hurudi kwenye makundi ya WhatsApp ya ndugu zetu walioko Ulaya: ukifika Paris, usithubutu kupiga picha Mnara wa Eiffel usiku, utakamatwa. Rafiki yangu mmoja aliliamini. Kabla ya kupanda ndege kurudi Dar es Salaam alifuta picha zote alizopiga mkesha wa mwaka mpya, pamoja na ile ya mwanawe akiwa mabegani mwa babu yake. Iliniuma kusikia hivyo, kwa sababu hakuna mtu ambaye angemwuliza lolote.

Kupiga picha ile si kosa. SETE, kampuni inayouendesha mnara, yenyewe inasema mtu binafsi yuko huru kuupiga picha usiku na kuwaonyesha jamaa zake mtandaoni. Wanaotakiwa kuomba kibali, na mara nyingi kulipa, ni wanaoitumia picha hiyo kikazi: tangazo, kadi za posta, kalenda, jalada la kitabu, filamu.

"Lakini mnara ni wa 1889, hakimiliki itoke wapi?" Swali hili lina nusu ya ukweli. Gustave Eiffel alifariki Desemba 1923, na ulinzi wa mnara wenyewe umekwisha zamani. Picha ya mchana waweza kuiuza upendavyo. Usiku lakini unatazama kazi nyingine iliyowekwa juu ya ile ya kwanza. Tarehe 31 Desemba 1985 ziliwashwa taa alizozibuni Pierre Bideau, projekta 336 zilizofichwa ndani ya vyuma vyenyewe na kuelekezwa juu, hivyo mnara ukaonekana kama unang'aa kutoka tumboni. Baadaye zikaongezwa balbu 20,000 zinazometameta kwa dakika chache kila saa inapoanza. Aliyezipanga taa hizo aliamua kivuli kikae wapi na rangi iwe ipi. Hiyo ni kazi ya msanii, ingawa alitumia umeme mahali pa rangi na brashi.

Wapo wanaobisha kwamba mwanga hauna mwenyewe. Mahakama ya juu kabisa ya kesi za madai Ufaransa, Cour de cassation, ililijibu hilo Machi 1992, katika shauri lililohusu maonyesho ya taa ya mwaka 1989, mnara ulipotimiza miaka 100. Ilikubali kwamba mpangilio wa taa uliokusudiwa kudhihirisha mistari na maumbo ya mnara ni ubunifu halisi wa aliyezipanga, kwa hiyo unalindwa kama kazi nyingine za sanaa. Tusiivute hukumu hiyo kupita kiasi. Uzi wa balbu ulionunuliwa dukani ukazungushwa kwenye mti wa Krismasi hauna cha kulindwa, kwa sababu kila mtu angeuzungusha vivyo hivyo. Kinacholindwa ni uchaguzi wa mbunifu.

Dhana inayowaponza wengi zaidi ni kwamba kilicho hadharani ni cha wote. Jibu linategemea uko nchi gani. Ujerumani, sheria inaruhusu kupiga na hata kuuza picha za kazi zilizowekwa barabarani au uwanjani, mradi zimewekwa kwa kudumu. Neno hilo "kudumu" ndilo lililoamua kesi ya Reichstag mjini Berlin, jengo la bunge ambalo wasanii Christo na Jeanne-Claude walilifunika lote kwa kitambaa kwa majuma mawili, Juni na Julai 1995. Kadi za posta za jengo lililofunikwa zilifika mahakamani, na Januari 2002 mahakama kuu ya shirikisho ikasema kazi ile haikuwa ya kudumu, hivyo kuziuza kulihitaji idhini ya wasanii. Taa za sikukuu nazo huwashwa na kuondolewa. Anayetengeneza kalenda kwa picha za taa za Desemba asijifiche nyuma ya ruhusa iliyoandikwa kwa ajili ya sanamu na majengo.

Ruhusa ya Ufaransa ni finyu zaidi. Tangu Oktoba 2016 sheria yake inaruhusu picha za majengo na sanamu zilizoko barabarani kwa kudumu, lakini kwa watu binafsi tu, na si kwa biashara yoyote. Mimi naona mstari huo umechorwa vibaya: kijana anayechapa kadi ishirini za kuuza sokoni anawekwa kapu moja na kampuni kubwa ya matangazo. Hata hivyo ndiyo sheria iliyopo. Mji wa Lyon unaonyesha vizuri mpaka ulipo. Kila tarehe 8 Desemba, desturi iliyoanza 1852, wenyeji huweka mishumaa madirishani, na mishumaa ile haina hakimiliki ya yeyote. Picha zinazorushwa kwenye kuta za majengo usiku uleule ni kazi za wasanii walio hai.

Je, taa zikiingia tu nyuma ya maharusi? Usihangaike sana. Lyon hiyohiyo, kadi za posta za uwanja wa Terreaux zilishtakiwa na waliousanifu upya, Daniel Buren na Christian Drevet. Machi 2005 Cour de cassation ilikataa madai yao, kwa kuwa kazi yao ilikuwa imechanganyika na uwanja mzima na ilikuwa ya pembeni tu katika picha. Taa zikiwa ndizo picha yenyewe, hesabu inabadilika.

"Nimepiga mwenyewe, picha ni yangu." Ni yako, ila inaweza kuwa na haki ya mtu mwingine ndani yake. Posta ya Marekani ililipia picha ya sanamu za askari wa vita vya Korea zikiwa kwenye theluji, ikaitumia kwenye stempu ya mwaka 2003. Mpiga picha aliridhia. Mchongaji, Frank Gaylord, hakuombwa, na mwishowe mahakama iliamuru alipwe takriban dola 685,000.

Na anayedhani akirudi Nairobi au Dar yuko salama, akumbuke kwamba Kenya imo kwenye Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya kulinda hakimiliki, tangu 1993 na Tanzania tangu 1994. Kazi ya Mfaransa inalindwa kwetu bila kusajiliwa, ila kwa kipimo cha sheria zetu, si za Paris. Kwa hiyo kabla ya kuchapa, mwandikie mwenye haki: picha ipi, nakala ngapi, zitauzwa nchi gani, kwa muda gani. Jibu lake lihifadhi pamoja na faili la picha.